Mtoto akiuliza ukumbini, wazazi wasicheke

Miaka ya 1960, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk Denis Osborne, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari ya Mkwawa, Iringa. Alipomaliza, ukafika wakati wa maswali. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kilekile, kimoja cha nyuzi joto 35 na kingine cha nyuzi joto 100, ukaviweka pamoja kwenye friji, kile cha maji ya moto ndicho kinachoganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakaangua kicheko.

Kicheko kile hakikuwa kigeni kwake. Swali lenyewe alilibeba tangu 1963, alipokuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto. Vijana wa pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanachanganywa na sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ndogo na wagombea walikuwa wengi. Siku moja Mpemba akaona mwenzake anataka kumwahi na maziwa ambayo hata hakuyachemsha. Naye hakusubiri yake yapoe, akayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake. Jibu likawa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, huko Mkwawa, mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa likaipenda kauli hiyo. Kila alipokosea hesabu, wenzake walimwimbia kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Dk Osborne angeweza kucheka pamoja na ukumbi. Angepata makofi na mambo yangeishia hapo. Badala yake alimuuliza kijana kama kweli amelijaribu jambo hilo, na alipoambiwa ndiyo, akaahidi kwamba naye atalijaribu akirudi Dar es Salaam. Alitimiza ahadi. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na taarifa ya kufurahisha: ni kweli maji ya moto yameganda kwanza, lakini wasiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi!

Walirudia. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa katika jarida la Physics Education la Uingereza, na tangu hapo jina la kijana huyo wa Kitanzania limo vinywani mwa wanafizikia duniani. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya kwa nini maji ya moto huganda haraka. Majibu zaidi ya 22,000 yalimiminika. Miaka minne baadaye watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, wakapima upya kwa makini na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo hutokea kweli. Ubishi unaendelea. Swali lililochekwa Iringa limewaweka wakubwa macho kwa zaidi ya nusu karne.

Kisa hiki kinajulikana na wengi, na mara nyingi husimuliwa kama sifa ya Mpemba. Ni sifa yake, ndiyo. Lakini mzazi akitazame pia upande wa ukumbi. Kulikuwa na mhadhara wa wazi, mgeni aliyekuja na kukubali kuulizwa, na dakika chache zilizotengwa kwa maswali. Bila kikao kile, kijana angebaki na aiskrimu yake.

Miji mingi mikubwa imejenga mahali pa namna hiyo, ambapo mtu yeyote anaingia, anamsikiliza mtaalamu, anaona jambo likifanyika mbele ya macho yake, kisha anauliza. Mji wa kutazama kwanza ni London, kwa sababu umefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 200 na makosa yake na mafanikio yake yote yako wazi.

Katika mtaa wa Albemarle, katikati ya London, ipo taasisi iitwayo Royal Institution iliyoanzishwa mwaka 1799. Ndani yake kuna ukumbi wa ngazi wenye viti vilivyopangwa nusu duara, na chini kabisa meza ndefu ya mzungumzaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 mkemia Humphry Davy alivuta watu wengi kwa mihadhara yake, na magari ya farasi yaliziba mtaa kiasi kwamba, kama wanavyosimulia wenyeji, ndiyo sababu Albemarle ukawa mtaa wa kwanza London kupitika upande mmoja tu. Foleni ya watu wanaokwenda kusikiliza kemia, si mpira.

Wasikilizaji wa Davy wengi walikuwa watu wenye nafasi. Tiketi hazikuwa za kila mtu. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka la kufunga vitabu alimpa tiketi za mihadhara minne kijana aliyekuwa akijifunza kazi hapo. Kijana huyo, Michael Faraday, alikuwa na miaka 20, mtoto wa mhunzi, shule yake ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alikaa juu, akaandika kila alichosikia na kuchora kila chombo alichokiona mezani. Nyumbani akayanakili maandishi yale kwa mwandiko safi, yakafika kurasa kama 300, akayafunga kuwa kitabu kwa ufundi wake mwenyewe na kumpelekea Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika taasisi ileile.

Mwaka 1831 Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita ndani ya waya huo. Mitambo ya Kidatu, ya Mtera na ya bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji inazalisha umeme kwa kanuni hiyo. Anayenunua umeme wa Luku leo ana deni dogo kwa yule mteja wa duka aliyetoa tiketi nne.

Faraday hakusahau alikotoka. Mwaka 1825 taasisi ilianza mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, na yeye mwenyewe alikuja kuitoa kwa vipindi 19 vya Krismasi, cha mwisho kikianza Desemba 1860. Mihadhara hiyo haijakoma hadi leo, isipokuwa miaka michache ya Vita Kuu ya Pili, na tangu 1966 huonyeshwa kwenye televisheni kila mwaka. Mtoto wa Uingereza huisubiri kama wa huku anavyosubiri nguo ya sikukuu. Mzungumzaji huita watoto wateremke wamsaidie, huwashika mikono, huwauliza wanadhani nini kitatokea kabla hakijatokea.

Mhadhara wa Faraday uliopendwa kuliko yote haukuhitaji chombo cha gharama. Ulihusu mshumaa. Nyumba yoyote inayokatikiwa umeme inao, kwa hiyo inafaa kuueleza kwa utulivu.

Watu wengi wakiulizwa ni nini kinachoungua kwenye mshumaa, watasema utambi. Mtoto mdadisi atasema nta. Faraday aliwaonyesha watoto kwamba nta ngumu haiwaki yenyewe. Moto unaiyeyusha, nta ya maji inapanda kwenye utambi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na ikifika juu joto linaigeuza kuwa mvuke. Mvuke huo ndio unaowaka. Ushahidi wake ni mchezo ambao mzazi anaweza kuufanya mezani: mshumaa uwake vizuri kwa dakika chache, uzimwe kwa pumzi ndogo, na mara moja kiberiti kilichowashwa kisogezwe kwenye ule moshi mweupe unaopanda, bila kugusa utambi. Moto utaruka kutoka kwenye kiberiti, ufuate moshi na kuuwasha mshumaa upya. Kiberiti kishikwe na mtu mzima, na mapazia yawe mbali.

Kisha kijiko. Kikiingizwa kidogo ndani ya mwali, kinatoka na masizi. Masizi yaleyale, yakiwa bado motoni na yanang'aa kwa joto, ndiyo yanayoupa mshumaa mwanga wake wa njano. Kijiko kingine, kikavu na cha baridi, kikishikwa juu kidogo ya ncha ya mwali, hupata ukungu. Ukungu huo ni maji. Watoto hukataa kuamini kwamba moto unazaa maji, na hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu kijiko kiko mbele yao na wanaweza kukipangusa kwa kidole. Faraday aliendelea hadi hewa ukaa inayotoka kwenye mshumaa, akaonyesha kuwa pumzi ya binadamu nayo inaitoa, na mihadhara sita ikaisha kwa kulinganisha mwili wa mtu na mshumaa unaowaka polepole. Alianza na kitu cha bei rahisi, akafika kwenye uhai wenyewe.

Siku hizi London na miji mingine ya Uingereza ina vikao vya namna nyingi. Jumba la makumbusho ya sayansi la London halitozi kiingilio cha kawaida, na huandaa usiku maalumu ambapo watoto hulala palepale na mablanketi yao, katikati ya mitambo, baada ya kufanya majaribio jioni nzima. Edinburgh imekuwa na tamasha lake la sayansi tangu 1989. Mwaka 1998, katika mji wa Leeds, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni Duncan Dallas alianzisha kikao cha mgahawani: mwanasayansi anazungumza kama dakika 20, watu wanajaza vikombe, kisha yanafuata maongezi marefu kuliko hotuba. Mtindo huo umesambaa nchi nyingi. Mwaka 2013 ukazaliwa mwingine, Pint of Science, ambao watafiti wanakwenda kuzungumza kwenye baa. Huo ni wa watu wazima. Mtoto abaki nyumbani.

Si kila kikao kina faida. Kuna maonyesho ambayo kazi yake ni kulipua, kumwaga povu la rangi na kutoa moshi hadi watoto wapige kelele. Kelele ni sawa, lakini mtoto akirudi nyumbani anakumbuka mlipuko tu na hajui kilicholipuka ni nini, ameona kiinimacho. Kipimo kizuri ni hiki: je, mzungumzaji aliuliza watoto watabiri? Je, aliruhusu mtoto abishe?

Hapa Dar es Salaam mambo ni machache kuliko London, ila yapo, na mengi yanapita bila wazazi kujua kwamba yanawahusu. Tangu 2011 kuna mpango wa wanasayansi chipukizi wa Tanzania, Young Scientists Tanzania, ulioigwa kutoka Ireland ambako maonyesho kama hayo yalianza mwaka 1965. Wanafunzi wa sekondari kutoka mikoa mbalimbali huchunguza tatizo la kwao, kama maji, mazao, magonjwa au kuni, kisha huja kusimama kwenye meza zao na kumweleza kila apitaye. Maonyesho yao yamefanyika kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee, na watu wa kuwauliza huhitajika kuliko watu wa kuwapigia makofi. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, yanahifadhi fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi miaka karibu milioni 1.75 iliyopita. Saba Saba na Nane Nane nazo, ukiacha mabanda ya sabuni na magodoro, huwa na mabanda ya vyuo na watafiti wa mbegu, udongo na mifugo. Mara nyingi mtaalamu amekaa pale na vipeperushi vyake, hana wa kumuuliza, huku foleni iko kwenye bembea.

Na Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Cambodia na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu kwa ushujaa. Mtoto anayeogopa panya akisikia hayo hulala na maswali kumi.

Tatizo la kwanza ni nauli, na si la kubezwa. Mama wa Mbagala mwenye watoto watatu akipanga safari ya mjini Jumamosi anahesabu nauli za kwenda na kurudi, maji, na chakula cha mchana. Wengi huamua kumchukua mmoja. Hapo kuna jambo linalotokea kimyakimya katika nyumba nyingi: anayechukuliwa ni wa kiume, na dada yake anabaki kufua sare na kuangalia mdogo wao. Hakuna aliyesema kwamba sayansi ni ya wavulana. Ndoo tu ndiyo iliyosema. Kama nauli inatosha mtoto mmoja, zamu ni suluhisho la haki, na mwezi huu aanze yule anayeshinda na ndoo.

Tatizo la pili halina bei, nalo ni aibu ya mzazi. Wazazi wengi waliachia fizikia kidato cha pili na wanaogopa kwamba mtoto akiuliza, watu watageuka na kuwatazama. Kwa hiyo mtoto anavutwa mkono mbele ya kila meza.

"Mama, mbona yale maji yamebadilika rangi?"

"Nyamaza, utatuaibisha. Twende, baba yako anasubiri."

Mazungumzo hayo husikika kwenye kila maonyesho. Yangeweza kwenda hivi:

"Mama, mbona yale maji yamebadilika rangi?"

"Mi sijui, mwanangu. Msalimie dada, umuulize."

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu. Umeuliza nini?"

Hakuna kilichoharibika. Mama hakulazimika kujua. Tena binti wa kidato cha tatu aliyesimama nyuma ya meza tangu saa mbili asubuhi amefurahi, kwa kuwa huyo ndiye mtu wa kwanza kumuuliza kuhusu maji yenyewe badala ya kumuuliza anatoka shule gani. Neno "sijui" likitoka kwa mzazi bila hasira, mtoto hujifunza kwamba kutojua si kosa la kufichwa. Osborne naye, pamoja na shahada zake, hakujua. Alisema atajaribu.

Kabla ya kwenda, inasaidia kumwachia mtoto kazi moja tu: arudi na swali moja aliloliuliza na jibu alilopewa, yaandikwe au yachorwe kwenye daftari. Zaidi ya hapo inakuwa shule, na Jumamosi ni Jumamosi. Muda wa kutosha kwa mtoto wa darasa la tatu ni saa moja na nusu. Baada ya hapo anaanza kuulizia soda, na ana haki. Wakirudi kwenye daladala, baba au babu aliyebaki nyumbani asiulize "umejifunza nini?" maana jibu litakuwa "sayansi". Aulize mtoto amemuuliza nani, na huyo mtu akajibuje. Masimulizi yatakuja yenyewe, na pengine yatakuwa na makosa. Yasisahihishwe palepale mezani.

Na kwa familia ambazo mwezi huu nauli haipo kabisa, swali la Mpemba halina kiingilio. Vinatakiwa vikombe viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, cha kwanza kutoka mtungini na cha pili kutoka kwenye sufuria iliyotoka kuchemka, ambayo mtu mzima ndiye atakayemimina, na nafasi ndogo kwenye friza ya nyumbani au ya jirani anayeuza barafu. Kabla mlango haujafungwa, kila mtu nyumbani, na bibi pia, aseme kipi kitaganda kwanza na jina lake liandikwe. Safari moja inaweza kushinda cha moto na safari nyingine cha baridi, kama ilivyowatokea wataalamu, hivyo jaribio lirudiwe siku tatu na kila tokeo liandikwe lilivyo. Vikombe vitazamwe kila baada ya nusu saa, si kabla, kwa sababu kila friza ikifunguliwa joto linaingia. Kwa mtoto wa miaka tisa, kuuacha mlango ule umefungwa kwa nusu saa nzima ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.